Mzee Haachwi Barazani

Katika jumuiya yetu ya wasemaji wa Kiswahili huku Maryland alijulikana kwa cheo alichokiacha nyumbani Tanzania: Mzee wa Baraza. Sisi Wakenya tulimwita Jaji kwa utani, ndugu zetu wa Kongo walimwita Papa Zuzi, yaani jaji kwa matamshi yao ya Kifaransa, naye aliyaitika majina yote. Lakini mtu akizidisha sifa, alimrekebisha. "Mimi si jaji, ndugu yangu. Jaji ni mtu wa serikali. Mimi nilikuwa mtu wa watu, nimekaa karibu na serikali."

Jina lake halisi ninalijua na sitaliandika. Shauri lake halijakwisha, nami sitaki maneno yangu yawe karatasi nyingine katika jalada lake. Ninachotaka ni kuweka kumbukumbu sawa. Nilifanya kazi dirishani katika ofisi ya serikali ya kaunti huku Maryland hadi nilipostaafu, na kazi yenyewe, ukiondoa mihuri na foleni, ilikuwa kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichotokea. Katika habari za mzee huyu, kinachosimuliwa kwenye sherehe zetu, baina ya sahani ya nyama choma na chupa ya soda, sicho kilichotokea. Nimesikia kwamba alighushi. Nimesikia kwamba alijifanya raia ili apate fedha za serikali. Aliyesema hayo alikuwa anatafuna, na hakuacha kutafuna.

Kwa faida ya wasiojua, katika mahakama ya mwanzo kule kwao hakimu hakuketi peke yake. Aliketi na wazee wa baraza, watu wa kawaida walioteuliwa kwa sababu wanaaminika, na sauti zao zilihesabiwa katika kuamua. Yeye aliketi hivyo miaka mingi katika wilaya kavu ya katikati ya nchi, mahali ambapo kesi nyingi ni za mifugo, mipaka na mizinga ya nyuki. "Hakimu anajua sheria," alizoea kusema. "Mzee anajua watu. Kazi yangu ilikuwa kuuliza lile swali ambalo hakimu hajui kwamba lipo."

Mfano wake wa kila mara ulikuwa kesi ya asali. Mtu mmoja alishtakiwa kuiba asali ya jirani. Mashahidi walikuwepo, ndoo ilikuwepo, hakimu alikuwa amekwisha kushika kalamu. Mzee akaomba ruhusa, akamuuliza mlalamikaji: "Ulipoufikia mzinga wako, uliukuta wazi au umefunikwa?" Yule akajibu kwamba ulikuwa umefunikwa vizuri. "Basi," akasema Mzee, "mwizi hafuniki mzinga. Anayefunika ni mtu anayetarajia kurudi msimu ujao, na atarajiaye kurudi anajihesabu kuwa mwenye mali." Walipochimba zaidi ikabainika kwamba ule mzinga waliutundika wawili, kwa makubaliano ya mdomo, kabla hawajagombana. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi kuliko nilivyotaka, na kila mara aliposema "umefunikwa" alifunika kikombe chake cha chai kwa kiganja.

Huku Landover kanisa letu limekodi ukumbi uliokuwa ghala, kati ya duka la matairi na duka la samani. Baada ya ibada alijiwekea kiti cha kukunja karibu na birika kubwa la chai, na watu wakamletea magomvi yao. Alikuwa na kanuni moja aliyoitumia kwa kila mtu, mchungaji na mfagiaji: kabla hujasema kesi yako, useme ya mwenzako, na uiseme mpaka mwenzako akubali kwamba umeisema vema.

Nakumbuka vijana wawili wa Kikenya waliopanga nyumba moja. Theluji ilikuwa imeanguka, mmoja akachimba nafasi ya gari lake, wa pili akaja akaegesha lake.

"Mzee, mimi nimechimba asubuhi yote, mgongo umeisha, alafu huyu jamaa—"

"Hiyo ni kesi yako. Mimi nataka yake."

"Yeye hana kesi, Mzee! Ni ushenzi tu."

"Basi nenda nyumbani ukaitafute. Chai ipo, sisi tutakungoja."

Kijana akakuna kichwa. Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. "Haya. Yeye anasema... anasema alikuwa ametoka shift ya usiku huko hospitali. Miguu imefura. Akaona parking iko wazi, akasema Mungu amemkumbuka." Mwenzake alikuwa ameinamisha uso. "Lakini hata kama, Mzee! Si angeuliza?"

"Ahaa," akasema Mzee. "Sasa tumebaki na 'si angeuliza'. Hiyo ndogo. Hiyo tunaiweza."

Asidhani msomaji kwamba namchora malaika. Katika karata alikuwa mwizi wa waziwazi. Alificha karata chini ya paja, na alipokamatwa alidai kwamba katika mchezo sheria ni macho ya mwenzako. Kila alipoingia mkahawani alitoka na vipakiti vya sukari mfukoni, akisema ni haki ya mnunuzi, ilhali aliyenunua nilikuwa mimi. Na huyu aliyesikiliza pande mbili za kila jambo hakumsikiliza kamwe mume wa binti yake, aliyemwacha binti huyo na nyumba ya kulipia. Yule bwana alipiga simu mara kadhaa ili ajieleze. Mzee alikata. Nilipomkumbusha kanuni yake mwenyewe, hakutahayari.

"Bi Karani," akaniambia, maana hivyo ndivyo alivyoniita, "mzee mwenye undugu na kesi hujitoa barazani. Mimi nimejitoa."

Lakini mbele ya sheria yenye muhuri alikuwa mtoto mtiifu. Siku moja tulivuka barabara kule College Park, karibu na chuo kikuu, wakati wanafunzi wako likizo na mji umebaki mtupu. Hapakuwa na gari upande wowote. Alisimama akingoja taa imruhusu, huku mvua ikitunyea. Nilimwambia twende. "Taa hii haikuwekwa kwa ajili ya magari," akasema. "Iliwekwa ili ijulikane nani anangoja." Nyumbani kwa binti yake, jaji alipoingia katika tamthilia yoyote ya televisheni, Mzee alivua kofia. Vijana walicheka mpaka wakalia. Yeye aliiweka kofia gotini na kuwaacha wacheke.

Sasa niseme habari za Bibi, kwa sababu bila yeye hakuna cha kupotea. Mke wake alipata kiharusi mwaka wa pili baada ya kufika. Upande wa kulia umekufa, maneno yamebaki machache, na hali chakula kwa mkono wa mtu mwingine isipokuwa mumewe. Wamejaribu wauguzi, amejaribu binti, nimejaribu mimi. Anafunga mdomo na kugeukia ukutani. Binti ni muuguzi, anafanya zamu mbili ili alipie nyumba ile ya mjini Bowie. Mchana kutwa ni Mzee na Bibi. Uji wa ulezi anaupika yeye, anauonja kwa mdomo wake kwanza kama una moto, kisha anapeleka kijiko. Kati ya kijiko na kijiko humsimulia kesi za zamani. Bibi, ambaye alizisikia zote akiwa na afya, husikiliza kwa jicho moja lililo wazi kuliko lingine.

Nimefika mahali pa kusema juu ya wito wa mahakama, na hapa naomba nivumiliwe, kwa kuwa hasira yangu ni ya siku nyingi.

Katika jumuiya yetu watu huogopa bahasha ya mahakama kama nyoka. Huko tulikotoka, mtu aliyeitwa mahakamani ameshtakiwa, au ndugu yake ameshtakiwa. Kwa hiyo wito wa juri, yaani wa kuketi na raia wenzako kuamua kesi, ukija, huyu anaitupa bahasha pamoja na matangazo ya piza, yule anaificha chini ya godoro, mwingine anampelekea mchungaji aiombee. Siku moja pale kwenye birika la chai kijana alijigamba: "Mimi yangu niliitupa. Nani atanifuata?" Dada mmoja akadakia: "Mimi nitawaambia sijui Kizungu." Mama wa Kikongo akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba anayekaa juri akikosea anafungwa yeye.

Niliweka kikombe chini, nikasema kama nilivyosema dirishani miaka yote. Wito wa juri si mashtaka. Majina huchukuliwa katika orodha za wapiga kura na za watu wenye leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo, na orodha hizo haziulizi moyo wa mtu. Raia akiitwa ajibu, kwa maana kuupuuza wito ni kosa lenye adhabu. Akiwa na mgonjwa, safari au mtihani, aombe kuahirishiwa, hupewa. Mwajiri hana ruhusa ya kumfukuza kazi kwa sababu hiyo. Aliyevuka miaka sabini anaweza kuomba aachwe. Ukifika, jaji atakuuliza kama unaweza kuamua bila upendeleo. Sema kweli, hata kama kweli hiyo ni kwamba huwezi. Ukichaguliwa, usiizungumze kesi na mtu, usiitafute kwenye simu, sikiliza kilichosemwa mle ndani tu. Na asiye raia, hata kama ana kadi ya ukaazi na analipa kodi, aijaze fomu, ajibu kwamba si raia, airudishe. Hiyo si aibu, wala hakuna atakayemgusa. Aibu na hatari ni kujibu ndiyo.

Mzee alikuwa ameacha kunywa chai. "Yaani hapa wanamwita mtu yeyote? Hajateuliwa na kijiji?"

"Mtu yeyote aliye raia, Mzee wangu."

"Mwosha magari?"

"Hata mwosha magari."

"Na sauti yake inahesabiwa?"

"Inahesabiwa."

Akawageukia vijana. "Nanyi mnaitupa," akasema. Yule aliyejigamba aliondoka kutafuta koti lake.

Mwaka uliofuata Mzee aliomba uraia. Alisoma maswali ya mtihani kama kijana wa shule, akamfanya Bibi awe msahihishaji: akijibu sawa, Bibi afumbe jicho. Siku ya usaili alifaulu yote. Ofisa alimpa mkono, akamwambia hongera, akamweleza kwamba ataitwa tarehe nyingine kula kiapo. Jumapili hiyo kanisa lilifanya sherehe. Palikuwa na pilau, palikuwa na keki yenye rangi za bendera, na mchungaji akamwita mbele akatangaza: "Leo tunamkaribisha raia mpya!"

Nilisimama, nikasema kwa heshima kwamba kiapo bado, na kwamba mtu huwa raia anapokula kiapo, si kabla.

"Ah, Mama Karani!" mchungaji akacheka. "Hapa si dirishani. Leo ni siku ya keki."

Ukumbi mzima ukacheka, na Mzee akaja kunituliza na kipande cha keki mkononi. "Bi Karani, kwenu posa ikikubaliwa, kijana anaitwa nani?"

"Anaitwa mkwe."

"Kabla ya harusi?"

"Kabla ya harusi. Lakini Mzee, serikali hii haina posa."

"Wamenipa mkono," akasema. "Mkono ni posa."

Niliona ni maneno ya sherehe. Wiki chache baadaye dada yangu alifariki, nikasafiri kwenda Eldoret kuzika, na huko nikakaa kwa mambo ya matanga na mashamba. Katika kipindi hicho ndipo bahasha ilipofika Bowie.

Niliyoyakosa nimeyapata kwake na kwa binti yake, na maelezo yao hayapingani. Bahasha ilikuwa ya mahakama ya kaunti, inamwita juri. Binti aliisoma akiwa anavaa viatu vya kazi. "Baba, umepita miaka sabini. Weka alama pale, uachwe. Mama atakaa na nani?"

Mzee aliondoa miwani. "Mzee haachwi barazani kwa sababu ya uzee. Uzee ndio sababu ya kuitwa."

Binti alikuwa amechelewa. Akacheka, akambusu paji la uso, akaenda zamu. Mzee akakaa mezani na kalamu yake ya wino. Palikuwa na swali, kama yeye ni raia. Nimemuuliza mara nyingi, kwa upole na kwa ukali, alifikiri nini alipolifikia. Jibu lake halibadiliki. Alifikiri kwamba mahakama haimwiti mtu kabla ya kumpekua. Kule kwao jina la mzee wa baraza lilipita kijijini, likapita katani, likapita kwa hakimu, na wito ulipofika kila kitu kilikuwa kimekwisha kukubaliwa. Hapa alikuwa ameulizwa maswali na ofisa wa serikali, amefaulu, amepewa mkono, kanisa limemtangaza. Kisha mahakama yenyewe imemwandikia kwa jina. Kumwambia anayekuita kwamba hukustahili kuitwa kulionekana kwake kuwa utovu wa adabu. Akaandika ndiyo.

Orodha ya leseni ndiyo iliyomwita. Orodha haikujua lolote. Serikali inamtumia mtu wito kwa orodha isiyojua, kisha inamhukumu kwa kuuitika, na hapo ndipo hasira yangu inaponikaba mpaka leo. Walakini ninaweka kumbukumbu sawa: swali lilikuwepo, nalo lilikuwa wazi.

Siku yenyewe jirani alikaa na Bibi, ambaye alikataa kula mpaka jioni. Mzee alivaa suti ya kahawia na tai, akapelekwa Upper Marlboro, iliko mahakama ya kaunti. Alipewa beji ya karatasi yenye neno la Kiingereza la mjumbe wa juri, akaibandika kifuani upande wa moyo. Kisha akaketi. Ulikuwa ukumbi wa kungojea, viti vimepangwa kama kwenye kituo cha basi; mmoja amelala, mwingine anafuma, wengine wote wako kwenye simu. Yeye aliketi wima, mikono magotini. Kesi za siku ile ziliisha kwa mapatano au zikaahirishwa. Hakuitwa katika chumba chochote cha mahakama. Hakumwona jaji. Alasiri karani alisimama, akawashukuru wote kwa niaba ya mahakama, akawaruhusu waende.

"Walisema asante," aliniambia niliporudi, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Sikuuliza hata swali moja, Bi Karani, lakini walisema asante."

Aliniambia hayo kanisani, na beji ilikuwa bado kifuani. Alikuwa akiivaa kila Jumapili. Watu walimpigia makofi.

"Mzee wangu," nikamuuliza, "kiapo umekula lini?"

"Bado. Wameniita wiki ijayo."

Nilimvuta pembeni, nyuma ya spika za kwaya. Nikamwambia asiende popote kabla ya kuonana na wakili. Kwamba kujitaja raia kabla ya kiapo ni kosa ambalo nchi hii hailisamehe kwa urahisi. Kwamba watu wamerudishwa makwao kwa ajili yake, wenye watoto na wenye wagonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaibandua beji polepole, ikatoka na nyuzi za koti.

"Wakili atasemaje?"

"Atasema usubiri. Pengine atasema usitaje kitu kabla hajapanga maneno."

"Mimi nimekaa mbele ya watu waliopangiwa maneno," akasema. "Unawajua wanapofungua mdomo tu." Akaitia beji katika mfuko wa shati. "Umeniambia ni kosa. Nami nakuamini, wewe ni mtu wa kumbukumbu. Basi kama ni kosa, waambiwe na mimi. Wasije wakaambiwa na mzinga."

Nilimbembeleza. Nilimpigia binti, naye akambembeleza na kulia. Wakili tuliyempata alitupa nafasi baada ya tarehe ya kiapo. Mzee hakutaka kuahirisha. Kuahirisha wito wa serikali kulimwia vigumu kuliko kukabili adhabu yake.

Siku ya kiapo kila mwombaji huulizwa kwanza, dirishani, kama kuna lililobadilika tangu usaili. Wengi hujibu hapana hata kabla swali halijaisha. Mzee alitoa beji mfukoni, akaiweka juu ya meza, akainyoosha kwa vidole. "Jambo moja," akasema kwa Kiingereza chake cha shule ya zamani. "Niliitwa na mahakama, nikaenda. Nimeambiwa sikupaswa. Nimekuja kuuliza."

Msichana wa dirishani, ambaye Mzee anasema alikuwa na adabu, aliisoma beji, akamtazama, akamwita mkubwa wake. Wakamwomba akae kando. Mlango wa ukumbi ukafungwa. Binti yake alisimama naye ukutani. Walisikia watu wakiapa kwa sauti moja, kisha makofi, kisha wimbo. Mzee alivua kofia wimbo ulipoanza.

Barua ya kukataliwa ilikuja. Baada yake ikaja nyingine, ya kumtaka afike mbele ya jaji wa uhamiaji aeleze kwa nini asiondolewe nchini. Wakili amechukua shauri, naye ni mtu mwema, hasemi uongo: anasema tunaweza kujenga hoja kwamba aliamini kweli, kwamba hakupata faida yoyote, kwamba alijieleza mwenyewe. Nilipomuuliza kama hoja hiyo hushinda, alipanga karatasi zake upya. Nilikwenda kwa mchungaji kumwomba aandike barua ya kusema kwamba kanisa ndilo lililomtangaza raia. Alisema ataomba. Nikamwambia kuomba aombe, na kuandika aandike. Mpaka leo ameomba tu.

Na kile kiti cha kukunja kando ya birika? Kimekaa kitupu. Anasema hawezi kuamua mambo ya watu akiwa na kesi. Amejitoa.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa juzi, Bowie, mchana. Majani yalikuwa yamefunika njia ya kuingilia, jambo ambalo zamani asingeliruhusu. Suti ya kahawia ilitundikwa mlangoni, imepigwa pasi. Kesi ni wiki ijayo. Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kitambaa kifuani, na Mzee ameketi mbele yake na bakuli la uji. Amekonda. Sukari mezani ilikuwa ya vipakiti.

"Karibu, Bi Karani. Umekuja kunisikiliza. Wakili anataka nijizoeze."

"Nakusikiliza, Mzee wangu."

Akaonja uji, akapeleka kijiko, akangoja Bibi ameze. Kisha akaanza, na alianza kama alivyowafundisha wengine. Alisema kesi ya serikali. Alisema: mtu huyu ana akili timamu. Anasoma Kiingereza, amefaulu mtihani wake. Aliulizwa swali moja lenye majibu mawili, naye hakulazimishwa. Alikuwa ameambiwa mbele ya kanisa zima kwamba kiapo bado, na mwanamke mwenye kujua. Alikuwa ameambiwa hata kabla ya hapo, kando ya birika, kwamba asiye raia ajibu hapana. Angeweza kuachwa kwa umri. Binti yake alimwonyesha mahali pa kuweka alama. Alitaka heshima. Aliitaka kuliko alivyoutaka ukweli, siku ile. Na nchi ambayo haijui nani ni wake na nani si wake haiwezi kumpa mtu yeyote haki.

Aliisema bila kusita, bila kujitetea ndani yake. Nimesikia mawakili wa serikali. Hakuna atakayeisema vizuri hivyo wiki ijayo. Nilitaka kumnyamazisha.

"Umeisema vema," nikasema, kwa kuwa ndivyo kanuni ilivyo. "Sasa sema yako."

Akachota uji. Akautazama.

"Yangu," akasema. "Yangu ni kwamba niliitwa."

Nikasogeza kiti karibu.

"Niliitwa, nikaitika. Basi." Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepapasa mfukoni akakuta kitundu. "Ni fupi, eh? Lakini nimeitafuta, Bi Karani. Mchana huwa naitafuta hapa na mama yako huyu. Nyingine hakuna."

Bibi alitoa sauti. Akampa kijiko. Akamfuta pembe ya mdomo kwa kidole gumba.

"Hata fupi inatosha," akaendelea, akijipa moyo, "wakiuliza vizuri. Mimi najua kazi ya watu wale. Hakimu atakuwa ameshika kalamu. Lakini mmoja wa wale wazee pembeni, mtu wa kawaida tu, pengine mwosha magari, ataomba ruhusa, aniulize: 'Wewe mzee, ile beji uliionyesha mwenyewe, au ulikutwa nayo?' Nitajibu niliionyesha mwenyewe. Na hapo atakuwa ameelewa. Mwizi hafuniki mzinga." Akachota tena, uso wake umepata nuru ya zamani. "Hebu niambie, wewe unayezijua ofisi za hapa. Baraza lake linakuwa la watu wangapi?"

Wakili hakuwa amemwambia. Au alikuwa amemwambia, naye hakuamini.

"Mzee wangu," nikasema, "katika mahakama ya uhamiaji hakuna juri."

"Wachache?"

"Hakuna hata mmoja. Jaji huketi peke yake."

"Peke yake."

"Ndiyo, Mzee."

Alifikiri. Niliona anapita barabara yote, kutoka mahakama yake ya mwanzo yenye benchi la mbao hadi kwenye ule ukumbi wa Upper Marlboro alikoketi wima siku nzima, akimtafuta mtu.

"Sasa swali," akaniuliza, "ataliuliza nani?"

Maisha yangu yote nimejibu watu dirishani. Kijiko kilikuwa bado hewani, uji unapoa. Bibi alikuwa amekwisha kufungua mdomo, anangoja.